Safari ya kriketi kwa mfuko mwembamba: hesabu siku kabla ya tiketi

Mabishano yalianzia kwenye meza ya chai pale Jamatini, hapa Dodoma. Kijana mmoja wa bodaboda alisema Kombe la Dunia la 2027 linachezwa Afrika Kusini na kwamba ameshaanza kuweka hela pembeni. Mzee aliyekuwa anamenya yai la kuchemsha akamcheka waziwazi: "Wewe bwana mdogo, 2027 mashindano yako kwetu. Unakwenda kufanya nini kwa watu?" Meza ikagawanyika, chai ikapoa, na kumbe hakuna aliyekosea.

Mzee alikuwa anazungumzia AFCON 2027, ya soka, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kuiandaa kwa pamoja. Kijana alikuwa anazungumzia Kombe la Dunia la kriketi la wanaume, lililopangwa kuchezwa Oktoba na Novemba 2027 katika Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Hilo lilipoeleweka yakazuka mabishano mengine, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Jamaa wa meza ya pili alitaka kufunga mjadala kwa pumzi moja: kriketi ni mchezo wa Wahindi, mechi yake inakula siku tano, na bila viza na mamilioni mtu wa Dodoma abaki na televisheni yake.

Katika maneno yote hayo, lenye ukweli ni la siku tano, na lenyewe ni ukweli nusu. Lakini ndilo linaloamua bajeti nzima, kwa hiyo tuanze nalo.

Ova ni nini, na inaingiaje mfukoni mwako

Timu ni mbili, wachezaji 11 kila upande. Moja inashika gongo (la kupigia mpira, si lile la kunywa) na kutafuta mikimbio, ndiyo pointi za mchezo huu. Nyingine inarusha mpira na kujaribu kuwatoa wapigaji mmoja mmoja. Mrushaji akishatupa mipira sita anampisha mwenzake. Mipira hiyo sita ndiyo ova. Ukishaijua ova umeshika kipimo cha mchezo, kama vile mtu anayejua debe anavyoweza kuuliza bei ya mahindi pale Majengo bila kuchezewa.

Mechi za kimataifa ziko za aina tatu, na kinachozitofautisha hasa ni idadi ya ova. T20 ni ova 20 kwa kila timu: saa tatu hivi, kama ibada ya Jumapili yenye matangazo mengi. Mechi ya ova 50, ambayo ndiyo ya Kombe la Dunia la 2027, inachukua kutwa. Ifikirie kama mnada wa Msalato: unafika asubuhi, unazunguka, unakula nyama, unakaa kivulini, unaamka, na ng'ombe bado wananadiwa. Halafu kuna Test, ya siku tano, ova 90 kwa siku. Hiyo ni msiba wa ukoo. Watu wanakuja, wanaondoka, wengine wanalala palepale, na siku ya nne hakuna anayeuliza tena utakwisha lini.

Test huchezwa na timu 12 tu, na Afrika tunazo mbili: Afrika Kusini na Zimbabwe. Kwa hiyo anayesema kriketi ni siku tano ameona mchezo mmoja kati ya mitatu akadhani ndiyo yote.

Sasa weka hela juu ya meza. Tuseme, kwa kukadiria, chumba cha kawaida, milo miwili na nauli za mjini vinakula shilingi 120,000 kwa siku ukiwa ugenini. Mwenye T20 anafika leo, anaangalia kesho, anaondoka keshokutwa: siku tatu, 360,000. Mwenye Test anahitaji siku tano za mechi, na moja moja ya kufika na kuondoka: 840,000. Tofauti ni 480,000, na mlango wa uwanja hawajaugusa wote wawili. Ndiyo maana nasema tiketi isikuumize kichwa mwanzoni. Kinachokula hela ni siku.

Na hakuna anayekulazimisha kukaa zote tano. Tiketi za Test huuzwa siku kwa siku. Ukiamua kwenda, nunua ya siku ya kwanza au ya pili, achana na za mwisho. Januari 2024 pale Newlands, Cape Town, Afrika Kusini na India walimaliza Test yao siku ya pili, baada ya mipira 642 tu, fupi kuliko Test yoyote iliyowahi kupata mshindi. Aliyekuwa amepanga kuona siku ya tatu aliishia kuangalia Mlima Table, ambao hata hivyo hauna kiingilio.

"Kimataifa" haina maana ya India na Australia peke yao

Kosa hili ndilo linalowagharimu watu wengi. Mtu akisikia kriketi ya kimataifa, akili inaruka hadi Mumbai au London, anaanza kuuliza viza ya Uingereza, anaambiwa ada yake hairudi hata ukinyimwa, anakata tamaa hapohapo.

Ukweli ni kwamba Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, lilibadilisha utaratibu. Kuanzia Julai 2018 kwa wanawake na Januari 2019 kwa wanaume, mechi ya T20 kati ya timu za taifa za nchi wanachama ina hadhi kamili ya kimataifa. Tanzania ni mwanachama. Kwa hiyo Tanzania na Rwanda wakikutana, takwimu zinaingia kwenye kitabu kilekile cha India na Pakistan.

Na kuhusu "mchezo wa Wahindi", mezani nilikumbusha tu kwamba Kombe la Dunia la kwanza, 1975 kule Uingereza, lilikuwa na timu inayoitwa Afrika Mashariki, yenye wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ilifungwa mechi zote tatu, lakini ilikuwepo. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, baada ya kuifunga Sri Lanka nyumbani Nairobi. Na vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la rika lao la 2026, kwa mara ya kwanza. Mchezo una Wahindi wengi kama vile soka lina Wabrazili wengi.

Safari yangu ya kwanza ya kriketi, basi, haikuwa ya ndege. Ilikuwa Kigali, mwezi Juni, kwenye mashindano ya Kwibuka ya T20 ya wanawake. Mashindano haya yalianza 2014 kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na mwaka 2022 dada zetu wa Tanzania ndio walioondoka na kombe. Nilipanda basi Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, hadi Rusumo, mwili umevunjika lakini mfuko mzima.

Pale Rusumo nikapata somo ambalo halimo kwenye ramani. Mke wangu alikuwa amenifungia karanga za kukaanga na zabibu kavu kwenye mifuko laini ya nailoni, na Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya namna hiyo tangu 2008. Ofisa akaifungua begi, akaniangalia kwa huruma, akasema mifuko inabaki, karanga ni zangu. Nilizihamishia kwenye mifuko ya koti. Siku mbili baadaye, nimekaa kwenye nyasi za uwanja wa Gahanga, nilikuwa bado natoa karanga mfukoni moja moja pamoja na uchafu wa kitambaa.

Gahanga yenyewe inastahili safari hata kama hujui mpira unaruka vipi. Ni uwanja uliofunguliwa 2017 nje kidogo ya Kigali, na paa lake lina matao matatu yanayofuata mdundo wa mpira ukidunda na kupungua kimo. Umati si mkubwa. Unamsikia mlinda wiketi, yule anayekaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira, akimtania mpigaji. Huko kwenye viwanja vikubwa unalipa uone kwa mbali; hapa wachezaji wa timu ya taifa wanapita mbele yako na chupa za maji.

Barabara ya kusini inapita mlangoni kwetu

Turudi kwa kijana na 2027 yake. Timu zitakuwa 14, mechi 54, na kati ya hizo 44 zimepangiwa viwanja vinane vya Afrika Kusini. Zimbabwe na Namibia wanagawana 10 zilizobaki.

Watu wa Dodoma tuna bahati tusiyoitaja. Barabara inayotoka hapa kwenda Iringa ni kipande cha ile njia ya zamani iliyoota kuunganisha Cape Town na Cairo. Ukiifuata unafika Makambako, Mbeya, Tunduma, unavuka kuingia Nakonde, unashuka Mpika hadi Lusaka, unavuka tena Chirundu, na upande wa pili ni Zimbabwe. Harare iko mbele. Kwa mwenye mgongo imara na shilingi chache, Harare ndiyo Kombe la Dunia la karibu.

Lakini basi lina bei mbili, na watu huangalia moja. Nauli ni ndogo, sawa. Siku zile mbili tatu za kwenda na nyingine za kurudi nazo zinataka kula, kuoga, na wakati mwingine kulala mpakani kwa sababu foleni ya Tunduma imekataa. Mtumishi wa umma ana likizo ya siku 28 kwa mwaka. Akitumia sita njiani ili aone mechi mbili, ajue amelipa hizo pia. Njia nyingine ni kushuka Dar kwa treni ya SGR, ambayo daraja la kawaida lilitangazwa kwa shilingi 31,000 ilipoanza 2024, halafu kuruka. Kutoka Dar hadi Johannesburg ni mwendo wa saa tatu na ushee. Mimi nachanganya: ndege kwenda, nikiwa na hamu na mechi inanisubiri, na basi kurudi, wakati hakuna kinachonikimbiza.

Ukichagua Afrika Kusini, usikimbize timu, tafuta mji wenye viwanja viwili. Timu inakuzungusha: leo Durban, Jumatano Gqeberha, Jumapili Cape Town, na kila mahali ni nauli mpya na chumba kipya. Kumbe uwanja wa Wanderers wa Johannesburg na ule wa Centurion, jirani na Pretoria, viko karibu kiasi kwamba unalala sehemu moja na kuona vyote, na treni ya Gautrain inaunganisha uwanja wa ndege, Sandton na Centurion. Cape Town na Paarl ni hivyohivyo, mwendo wa saa moja hivi. Na ukifika, ulizia sehemu ya nyasi. Viwanja vingi vya kule vina mwinuko wa majani badala ya viti upande mmoja, watu wanatandika mikeka na kuweka kofia usoni. Huko ndiko huwa bei ya chini, na kwa maoni yangu ndiko mahali pazuri kuliko vyote. Jua la Oktoba halina mzaha, lakini mtu wa Dodoma atafundishwa nini kuhusu jua?

Bila viza si bila maswali

Mwenye pasipoti ya Tanzania haombi viza kwenda Afrika Kusini kwa matembezi ya hadi siku 90 kwa mwaka, wala Zimbabwe, Namibia, au Zambia utakayopita. Hapa watu wawili hukosea kwa njia tofauti. Wa kwanza hajui, anamlipa "ajenti" amtafutie viza isiyohitajika. Wa pili anajua nusu, anadhani msamaha wa viza ni sawa na kuruhusiwa kuingia.

Msamaha wa viza ni kama kualikwa harusini bila kadi ya mchango: mlangoni bado watakuuliza wewe ni wa upande gani. Ofisa wa mpaka ana haki ya kutaka kuona tiketi ya kurudi, unakolala, na fedha za kukutosha. Vichapishe kwenye karatasi. Simu huzima chaji mpakani kuliko mahali pengine popote duniani. Na usizidishe siku ulizogongewa. Afrika Kusini ukipitiliza, hata chini ya siku 30, unaweza kufungiwa mwaka mzima. Ukizidi hapo ni miaka mitano, na utaiona 2027 kupitia simu ya jirani.

Pasipoti mpya ni shilingi 150,000, na ni gharama ya miaka kumi, kwa hiyo usiibebeshe safari moja. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani yake. Chanjo inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, si kesho yake, na tangu 2016 kadi haiishi muda. Ile ya zamani uliyoandikiwa mwisho wa miaka kumi bado ni halali.

Kipi kwanza: ndege au tiketi ya mechi?

Nimeulizwa hili mara nyingi kuliko lolote. Wengi wanataka kuwahi ndege kwa sababu bei hupanda. Sikiliza kilichotokea India 2023. Ratiba ya Kombe la Dunia ilitoka, watu wakakata ndege na vyumba. Kisha Agosti, zikiwa zimebaki chini ya miezi miwili, mechi tisa zikabadilishwa tarehe. Ile ya India na Pakistan ikatoka Oktoba 15 ikaenda 14. Siku moja tu, lakini kwa aliyekuwa na ndege ya kutua asubuhi ya tarehe 15, ilikuwa siku nzima ya kusikiliza wenzake wakisimulia.

Kwa hiyo tiketi ya mechi kwanza, ndege baadaye, na uwe na siku moja ya akiba kabla ya mechi. Tiketi inunuliwe kwenye mauzo rasmi, si kwa mtu wa kwenye kundi la WhatsApp mwenye picha ya kombe. Mauzo hayo hutaka kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni, au kadi ya mtandaoni inayotolewa na kampuni za simu. Ijaribu mapema kwa kununua kitu kidogo, usiku wa mauzo si wakati wa kugundua kwamba benki yako imeifunga kwa malipo ya nje.

Siku ya akiba ina kazi nyingine: mvua. Oktoba na Novemba ndiyo mvua zinafungua Johannesburg, Pretoria na Harare, ngurumo za alasiri zinazokuja ghafla kama zetu za Desemba. Mechi za makundi zikinyeshewa, timu zinagawana pointi na wewe unarudi na mwavuli. Nusu fainali na fainali ndizo kwa kawaida hupewa siku ya ziada: mwaka 2019 pale Manchester, India na New Zealand walianza Julai 9 wakamalizia Julai 10. Kama basi lako linaondoka jioni ya siku ya mechi, umeamua kuiangalia nusu.

Fedha kidogo. M-Pesa yako haitakutolea randi kwa wakala wa Johannesburg. Zimbabwe dola ya Marekani inatembea pamoja na fedha yao mpya, ZiG, iliyoanza 2024. Nenda na noti ndogondogo, maana chenji ya dola 50 kwenye kibanda cha maji ni ndoto. Namibia nao wana dola yao, inayolingana na randi moja kwa moja, na randi inapokelewa madukani kwao. Kinyume chake hakuna: dola ya Namibia ukivuka nayo kwenda Afrika Kusini imegeuka karatasi, kwa hiyo imalize kabla ya mpaka.

Na saa. Nchi zote hizo, Rwanda pia, ziko nyuma yetu kwa saa moja. Tiketi ikiandikwa 10:00, hiyo ni saa nne asubuhi yao na saa tano ya Dodoma. Umwambie nyumbani hivyo, wasije wakawasha televisheni saa nne wakaona nyasi tupu na kudhani umepotea.

Kijana wa bodaboda amepiga hesabu yake upya nyuma ya daftari la mafuta. Amefuta Cape Town, ameandika Harare, siku saba, basi kwenda na kurudi, mechi mbili. Mzee wa yai alikuwa kimya muda wote huo. Mwishoni akauliza jambo moja tu, kama ni kweli alivyosikia, kwamba hawa watu katikati ya mechi wanasimama kunywa chai.

Nikamwambia ni kweli, dakika 20, lakini ni kwenye Test tu. Kwenye hiyo ya ova 50 anayokwenda kijana hakuna.

"Basi mimi," akasema, akisogeza kikombe, "nitafutieni ya siku tano."